Siku ya Bwana na Msitu wa Umma

Somo: Kutoka 23:10–12, Marko 2:23–28



Tangu vuli ya 2025 swali moja linanifikia mlangoni mwa kanisa, na wanaoliuliza ni akina baba waliokulia Kivu, Katanga, Kigoma na Mara, watu ambao kwao kuingia porini kulikuwa kutafuta kitoweo cha nyumbani. Wananiambia: Pasta, serikali ya Pennsylvania imetufungulia msitu siku ya Jumapili. Na Bwana, je, ametufungulia?

Naomba nilijibu kwa nafasi, maana limebeba mengi zaidi ya bunduki na mnyama.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichotokea. Jimbo hili lilipiga marufuku kuwinda Jumapili mwaka 1873, na kwa muda mrefu waliobaki nje ya marufuku hiyo walikuwa mbweha, koyote na kunguru. Mwaka 2019 Gavana Tom Wolf alitia saini sheria iliyoruhusu Jumapili tatu kwa mwaka. Tarehe 9 Julai 2025 Gavana Josh Shapiro akatia saini sheria nyingine, hii ikaiondoa marufuku yenyewe, na Tume ya Wanyamapori ya jimbo ikatangaza Jumapili 13 mfululizo za kuwinda, kuanzia tarehe 14 Septemba hadi tarehe 7 Desemba. Habari hii inagusa sana misitu ya umma. Tume hiyo peke yake inasimamia takriban ekari milioni moja na nusu, ambazo ilianza kuzinunua mwaka 1920, kwa sehemu kubwa kwa fedha za leseni za wawindaji.

Baadhi ya majimbo mengine ya mashariki yamepita njia hiyo hiyo. Virginia iliruhusu kuwinda Jumapili kwenye mashamba ya watu binafsi mwaka 2014, kisha mwaka 2022 ikaongeza ardhi za umma, kwa masharti kwamba mwindaji awe mbali zaidi ya yadi 200 na nyumba ya ibada, na asiwinde kulungu wala dubu kwa mbwa siku hiyo. Huko North Carolina sheria ilizitaka bunduki zinyamaze Jumapili kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, muda ambao watu wengi wako ibadani. Massachusetts na Maine bado zimefunga kabisa. Maine kulikuwa na kesi: wananchi walipiga kura mwaka 2021 kuingiza haki ya chakula katika katiba ya jimbo, baadhi ya wawindaji wakadai kwamba haki hiyo inafuta katazo la Jumapili, na mwaka 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikawakatalia.

Wapo Wakristo, wengine ni rafiki zangu, walioipokea sheria mpya ya Pennsylvania kama msiba. Wanasema ukuta wa mwisho umeanguka. Naheshimu uchungu wao, lakini siwezi kuomboleza pamoja nao, na sababu yangu imo katika historia ya sheria zenyewe.

William Penn alipoanzisha koloni hili mwaka 1682, sheria yake kuu ilimlinda kila amwaminiye Mungu asisumbuliwe kwa ajili ya imani yake, na hapo hapo ikawataka watu wote waache kazi zao za kawaida siku ya kwanza ya juma. Alitoa sababu ambazo bado zinanigusa: mfano wa Wakristo wa mwanzo, na nafuu ya viumbe. Sababu ya pili nitairudia. Lakini angalia sheria ya namna hiyo ilivyowatendea wengine. Mwaka 1848 mkulima mmoja wa hapa Pennsylvania, Mbaptisti aliyeishika Jumamosi kuwa sabato yake, alihukumiwa kwa kufanya kazi shambani kwake Jumapili, na mahakama ya juu ya jimbo ikaithibitisha hukumu hiyo. Mwaka 1961 wafanyabiashara Wayahudi wa Philadelphia walifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Walikuwa wakifunga maduka yao Jumamosi kwa sababu ya Torati, na serikali ikawalazimisha kufunga Jumapili pia, hivyo wakapoteza siku mbili za biashara ambapo jirani zao walipoteza moja. Wakashindwa kesi. Mahakama ilisema kwamba sheria ya Jumapili haikuwa tena ya dini, ni ya kuwapa watu wote siku moja ya kupumzika.

Mnawajua Waadventista waliotoka nasi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wanaojikusanya Jumamosi na kuimba nyimbo zilizo karibu sawa na zetu. Sheria ile ya zamani ingewaumiza wao kama ilivyomuumiza yule mkulima. Ibada yangu isigharimiwe na mtu mwingine kwa nguvu ya polisi. Kristo hakuniita kwa polisi, wala sitamtetea kwa polisi.

Basi kama siililii sheria, ninalilia nini? Maana nalia, na sitaki kuficha.

Sikilizeni sababu iliyotolewa mara kwa mara na waliotaka msitu ufunguliwe. Walisema: mtu anayefanya kazi juma zima, na kijana anayesoma juma zima, wana Jumamosi tu ya kuingia msituni, mkiifunga Jumapili mmewanyima nusu ya nafasi yao. Ni hoja ya kweli, na inatoka kwa watu wa kazi. Sasa tazama ilikotokea. Kwa miaka mingi msimu wa bunduki wa kulungu katika jimbo hili ulifunguliwa Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani. Shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo, na baba na mwana walikwenda msituni pamoja bila mtu kuwauliza. Mwaka 2019 siku ya kufungua ikahamishiwa Jumamosi, kwa kuwa watu wengi hawakuweza tena kuipata Jumatatu. Na siku ya pili yake ilikuwa Jumapili iliyofungwa, na mwaka huo huo ikatiwa saini sheria ya zile Jumapili tatu.

Nyinyi mnaijua hadithi hii kwa miili yenu. Wengi wenu mko kwenye viwanda vya kuku na kwenye maghala makubwa ya kando ya barabara kuu. Jumamosi zenu zilikwenda zamani. Mnaambiwa Ijumaa jioni kwamba kesho ni kazi ya lazima, na kesho kutwa pengine pia. Katika hali hiyo anayebakiwa na Jumapili moja kwa mwezi ana mambo mangapi ya kuiwekea? Ibada, watoto, nguo za kufua, simu ya Bukavu ambako mama ni mgonjwa, usingizi. Na sasa kulungu. Siwezi kumtazama mtu huyo na kumwambia kwamba tatizo la Ukristo wa Marekani ni yeye na upinde wake.

Nabii Amosi, sura ya 8, aliwaona wafanyabiashara waliosimama mlangoni mwa sabato wakiuliza itakwisha lini wauze nafaka, na katika pumzi hiyo hiyo wakipanga kupunguza kipimo na kumnunua maskini kwa bei ya viatu. Tazama jinsi Mungu alivyoviweka pamoja. Asiyeivumilia siku ya mapumziko ndiye pia asiyeivumilia mizani ya haki. Nehemia naye, sura ya 13, alipofunga malango ya Yerusalemu jioni ya kuamkia sabato, aliwazuia watu wa mizigo, wachuuzi wa samaki na wenye mali. Hakutumwa kuwasaka wenye njaa. Na walipokuwapo wenye njaa, kule shambani katika Marko sura ya 2, wakivunja masuke siku ya sabato, Bwana Yesu alisimama upande wao mbele ya watu wa dini.

Sasa tufike kwenye Kutoka 23. Wengi tunaijua amri ya sabato kwa upande wa ibada: siku takatifu, usiichafue. Mstari wa 12 wa sura hii unaitaja kwa upande mwingine. Unasema siku sita fanya kazi zako, ya saba upumzike, na unataja kusudi: apumzike ng'ombe wako na punda wako, na mtoto wa mjakazi wako na mgeni wapate kurudiwa na nguvu. Amri hiyo inasema na mtu mwenye ng'ombe, mwenye mjakazi, mwenye mgeni chini yake. Anaambiwa kwamba mapumziko yake hayajakamilika mpaka hawa wapumzike. Sheria ya Musa ilimwona mgeni kazini, ikamwona amechoka, ikamtaja.

Wapendwa, katika nchi hii mgeni ni mimi na wewe. Basi tunayo haki ya kuisoma amri hii kutoka chini, na kumwuliza mwajiri: na sisi?

Ndiyo maana nataka kila mmoja aijue kesi iliyotoka hapa hapa kaunti ya Lancaster. Mtumishi mmoja wa posta, Mkristo, alikataa kufanya kazi Jumapili pale posta ilipoanza kupeleka vifurushi vya Amazon siku hiyo. Aliadhibiwa mara kwa mara, mwishowe akaacha kazi na kwenda mahakamani. Mahakama za chini zilimkatalia kwa kufuata kipimo kilichotokana na hukumu ya mwaka 1977, kwamba mwajiri akionyesha usumbufu mdogo tu, inatosha. Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema hapana: mwajiri anayetaka kukataa ombi la mfanyakazi kwa sababu ya dini lazima aonyeshe kwamba kulikubali kungeleta mzigo mkubwa kwa biashara yake. Hukumu hiyo haimhakikishii kila mtu Jumapili yake. Inakuhakikishia kwamba ombi lako lazima lisikilizwe kwa uzito, na kwamba kuudhika kwa wenzako au kwa msimamizi hakutoshi kuwa sababu. Nawaona watu wengi wa lugha yetu wakinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi, wakati ndugu yetu wa Kiislamu wa zamu hiyo hiyo ameomba nafasi ya sala ya Ijumaa na ameipata. Hukumu ile ni yake pia, na ya Mwadventista, na ya Myahudi. Inanifurahisha kuliko marufuku ya 1873, kwa sababu inamlinda mwenye kushika siku bila kumfunga asiyeishika.

Lakini amri ikisomwa kutoka chini, lazima isomwe na kutoka juu, maana wapo kati yetu wenye ng'ombe na punda. Wewe mwenye duka la vyakula vya Kiafrika, yule binti anayekaa kwenye kaunta Jumapili wewe ukiwa kwaya, ibada yake ni lini? Mwenye saluni, mwenye gari tatu za kubeba wafanyakazi, dereva wako anapumzika siku gani? Na tuje nyumbani, ambako naogopa kuja. Akina mama wa kanisa hili huamka gizani Jumapili kupika wali na sombe za watu hamsini, huimba, hugawa chakula, huosha masufuria, na hurudi nyumbani kupika tena. Baba akirudi kutoka msituni na kulungu mzima, nani atakesha akimkatakata, kumfunga kwenye mifuko na kumpanga frijani? Kama jibu ni yule yule aliyeamka gizani, basi sabato ya nyumba hiyo ilivunjika, hata kama baba hakukosa ibada.

Niseme na wale ambao hamtaipata Jumapili, hata mkiandika barua nzuri. Msijione Wakristo wa daraja la pili. Kwa karibu miaka 300 kanisa lilishika siku ya Bwana bila kuwa na siku ya mapumziko. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, mtawala wa Kirumi wa jimbo la Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayani akieleza kwamba Wakristo aliowahoji walikuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo. Kabla ya mapambazuko! Kulipokucha watumwa walirudi kwa mabwana zao, mafundi kwenye karakana zao. Sheria ya kwanza ya kupumzika Jumapili ilikuja mwaka 321 kwa amri ya Kaisari Konstantino, na hata hiyo iliwaruhusu wakulima wa mashambani kuendelea na kazi. Kwa hiyo anayetoka zamu ya usiku kiwandani, macho mekundu, akapitia hapa kuimba wimbo mmoja na kupokea Meza ya Bwana kabla ya kwenda kulala, yeye yuko karibu na kanisa la mwanzo kuliko mimi niliyelala usiku kucha.

Sasa nakuja kwa wawindaji, maana nimeahidi jibu.

Kuwinda si dhambi. Isaka alipenda nyama ya mawindo ya Esau. Mambo ya Walawi 17:13 inamwagiza mtu aliyewinda mnyama au ndege anayeliwa aimwage damu yake na kuifunika kwa mavumbi. Mungu wetu anamfuata mwindaji mpaka porini, mahali asipoonwa na mtu, na kumtaka auheshimu uhai alioutoa. Kumbukumbu la Torati 22:6 inakukataza kumchukua ndege pamoja na makinda yake. Unamwacha mama aende zake. Na ule mstari wa 11 wa somo letu, unaoutangulia ule wa siku ya saba, unasema juu ya mwaka wa saba: shamba liachwe, maskini wale, na watakachobakiza wale wanyama wa mwituni. Mnyama wa porini ana fungu lake katika pumziko la Mungu. Penn aliliona hilo aliposema nafuu ya viumbe. Katika kila siku saba za vuli, pale milimani kaskazini mwetu, kulungu walikuwa na siku moja isiyo na risasi. Sasa hawana. Najua wataalamu wanasema kulungu ni wengi mno, wanamaliza miche ya misitu na mahindi ya wakulima, na kwamba uwindaji ndio unaowapunguza. Nakubali. Hata hivyo, ipo tofauti kati ya kuwapunguza na kuwanyima pumziko, na sitaki tuivuke kama watu wasioiona.

Kwa hiyo ombi langu kama mchungaji wenu ni hili. Mwenye Jumamosi, awinde Jumamosi, na Jumapili amwachie kulungu. Afanye hivyo kwa hiari, sasa ambapo hakuna askari wa wanyamapori atakayemkamata akifanya vingine. Asiye na siku nyingine ila Jumapili, na nyama hiyo ndiyo chakula cha watoto wake wakati wa baridi, aje kwanza mbele za Bwana, kisha aende, na asihukumiwe na mtu katika kanisa hili. Na anayekwenda, aende akijua kwamba kwenye shamba la mtu binafsi Jumapili sheria inamtaka awe na kibali cha maandishi cha mwenye shamba mfukoni. Tusichukulie jambo hili kijuujuu. Waamishi na Wamennonite tunaopakana nao ni wawindaji hodari, lakini wengi wao hawawindi Jumapili; hupita barabarani na magari yao ya farasi kwenda ibadani, na mlio wa bunduki kando ya barabara unaweza kumshtua farasi mwenye watoto sita nyuma yake. Kumbukeni pia kwamba ni kutoka Lancaster hii walikotumwa wamisionari Wamennonite waliofika Shirati, Mara, mwaka 1934. Baadhi yenu mlifundishwa kusali na wajukuu wa kazi yao. Tunawadai? Hapana, wao wanatudai, na deni dogo tunaloweza kulilipa ni utulivu wa barabara zao asubuhi ya Jumapili.

Wapo pia wanaotembea msituni bila silaha, familia zilizoichagua Jumapili ya vuli kwa sababu ilikuwa siku salama. Msitu wa umma ni wao pia. Vaeni rangi ya chungwa kali kama sheria inavyotaka, na mkiwaona watoto njiani, shusheni bunduki, muwasalimie kwanza.

Na mwenye kupata wanyama wawili, mmoja asiwe wake. Tangu mwaka 1991 upo mpango katika jimbo hili, Hunters Sharing the Harvest, unaopokea kulungu kutoka kwa wawindaji kupitia mabucha yaliyoandikishwa na kuipeleka nyama kwenye benki za chakula. Baadhi yetu tulipofika nchi hii tulikula kutoka kwenye benki hizo.

Alhamisi hii baada ya maombi tutakaa pamoja ukumbini kuandika barua za kuomba Jumapili kwa waajiri. Njoo na ratiba yako ya kazi ya mwezi huu, jina kamili la kampuni, na jina la msimamizi wako. Vijana wanaosoma Kiingereza cha chuo watatusaidia kuandika, na nakala utabaki nayo. Ibada ya saa kumi na moja alfajiri kwa wanaokwenda au kutoka zamuni itaanza Jumapili ijayo. Itakuwa fupi, na kahawa itakuwapo. Akina baba ndio watakaoipika, na masufuria ni juu yao pia.